Mafuta ya breki nyumbani: ukanyagiwe, uvute, usukume au uyaache yachuruzike?

Anayeamua kubadilisha mafuta ya breki mwenyewe hukwama mapema, hata spana hajaishika. Mmoja anamwambia atafute mtu wa kumkanyagia pedeli, mengine yote ni mbwembwe. Mwingine anaapa kwa pampu yake ya kuvuta. Wa tatu anasema fungua skrubu ya kutolea hewa iliyo kwenye gurudumu, weka kopo, nenda kanywe chai. Wote watatu wamewahi kufanikiwa, ndiyo maana hawasikilizani.

Njia zote nitakazozitaja nimezitumia, nyingine kwa hiari, nyingine kwa kukosa mtu. Nilichokuja kugundua ni kwamba ubishi huu unatokana na kazi mbili kuitwa kwa jina moja. Fundi akisema "kublidi breki", huenda anazungumzia kuyatoa mafuta yaliyozeeka na kuingiza mapya, pedeli ikiwa bado ngumu na mfumo haujafunguliwa popote. Au huenda anazungumzia kuifukuza hewa iliyoingia baada ya kubadilisha kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski ya gurudumu), bomba kukatika, au kitangi cha mafuta ya breki kukauka. Njia inayoimaliza kazi ya kwanza bila jasho inaweza kukuangusha kwenye ya pili. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ipi bora, jiulize: natoa mafuta, au natoa hewa?

Kwa nini mafuta yanabadilishwa

Mafuta ya DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 (DOT ni alama ya daraja la mafuta ya breki) hunyonya unyevu. Hunyonya kupitia mipira ya breki, kupitia kifuniko cha kitangi, na hata chupa uliyoiacha wazi juu ya meza. DOT 3 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishabeba maji kama asilimia 3.7, kipimo chake cha chini ni nyuzi 140 tu. Kwa DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikiwa na maji, na kwa DOT 5.1 ni 260 na 180.

Tofauti hiyo huioni ukienda kazini na kurudi. Unaiona kwenye mteremko mrefu, gari limejaa, mguu uko kwenye breki muda wote na kalipa zimeshika moto. Maji yaliyomo kwenye mafuta yanageuka mvuke, na mvuke unabonyea. Mafuta hayabonyei. Pedeli iliyokuwa ngumu asubuhi inakwenda hadi kwenye zulia. Kampuni nyingi za magari huagiza mafuta yabadilishwe kila baada ya miaka 2 au 3, hata kama gari halikutembea sana.

Rangi isikudanganye. Mafuta mapya ni meupe au ya manjano hafifu, ya zamani huwa kahawia hadi meusi, lakini maji hayana rangi. Mafuta yanaweza kuonekana masafi na yakawa yamelowa.

Vigezo vya kulinganishia

Kila njia nitaipima kwa mambo manne. Inavyokwenda, yaani nini kinayasukuma mafuta na kinayatoa wapi. Watu na zana. Inapokosea, na hiki ndicho kigezo kizito kuliko vyote, kwa sababu kila njia ina namna yake ya kukuharibia kazi na ukiijua mapema unaikwepa. Mwisho, inamfaa nani, kati ya mwenye mafuta yaliyochoka na mwenye hewa kwenye mfumo.

Muda sikuupa kigezo chake. Kinachokula muda mara nyingi ni kufungua matairi na kupambana na skrubu zilizoshika kutu, na hilo halijali umechagua njia gani.

Yasiyobadilika, njia yoyote utakayoshika

Soma kifuniko cha kitangi. Kimeandikwa aina ya mafuta. DOT 3, 4 na 5.1 ni za ukoo mmoja. DOT 5 ni ya silikoni, haichanganywi nazo, na jina lake limewaponza wengi kwa kufanana na 5.1. Mafuta ya injini au ya usukani hayaingii humo hata tone, kwani raba zitavimba na mfumo mzima utahitaji kufumuliwa. (Citroën za zamani zenye mafuta ya kijani ya LHM ni dunia nyingine. Mwenye nayo anajua.) Nunua chupa mpya iliyofungwa. Lita 1 hutosha gari dogo la kawaida. Ile chupa iliyobaki nusu tangu mwaka juzi, iache.

Yavute mafuta ya zamani kwenye kitangi kwa bomba la sindano kubwa, kisha jaza mapya, kabla hujagusa gurudumu lolote. Vinginevyo utayapitisha machafu yote ya kitangini kwenye mabomba marefu bila sababu. Tangu hapo kitangi kisishuke chini ya alama ya chini. Kikikauka, kazi ya kubadilisha mafuta imegeuka kazi ya kutoa hewa, na huenda umeipeleka hewa hadi kwenye ABS, mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukikanyaga breki kwa nguvu.

Gari likae juu ya stendi, si juu ya jeki peke yake, na magurudumu yaliyobaki chini yawekewe kabari. Kama ni pikapu yenye vali inayopima mzigo kwenye ekseli ya nyuma, nyuma isining'inie, maana vali hiyo itadhani gari ni tupu na itabana mafuta ya nyuma. Ipandishe ekseli yenyewe, magari haya mara nyingi yana nafasi ya kuingia chini hata bila kufungua tairi.

Skrubu ya kutolea hewa ni ndogo, ina tundu katikati, na hukatika kirahisi. Ipulizie dawa ya kutu siku moja kabla. Mara ya kwanza ilegeze kwa soketi ya pembe sita, kisha endelea kwa spana ringi. Spana ya mdomo wazi italainisha kona zake, na hapo umehamia kwenye tatizo jingine kabisa. Kama umebadilisha kalipa, hakikisha skrubu iko juu. Kalipa ya kushoto ikifungwa kulia inakaa vizuri kabisa, ila skrubu inageukia chini na hewa inabaki juu ikikucheka. Nimemwona mtu akimaliza chupa mbili za mafuta kabla hajagundua hilo.

Mpangilio wa magurudumu: magari mengi huanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda (silinda kuu iliyo chini ya kitangi, inayosukumwa na pedeli) na kumalizia la karibu. Si yote. Kitabu cha gari kikisema vingine, kifuate chenyewe.

Mwisho, mafuta haya hula rangi ya gari. Weka ndoo ya maji karibu na tone likidondoka lioshe hapo hapo, kufuta kwa kitambaa kikavu ni kulisambaza. Vaa miwani. Usiache hata tone kwenye pedi au diski.

1. Watu wawili: mmoja pedeli, mmoja skrubu

*Inavyokwenda.* Injini imezimwa. Aliye ndani anakanyaga pedeli taratibu na kuishikilia. Aliye nje anafungua skrubu nusu mzunguko, mafuta yanatoka kupitia mpira hadi kwenye chupa, pedeli inashuka. Aliye nje anafunga skrubu. Ndipo, na ndipo tu, aliye ndani anaachia. Mnarudia hadi mafuta yatoke masafi bila povu.

*Watu na zana.* Watu wawili wanaosikilizana, spana moja, mpira angavu wenye upana wa skrubu, chupa. Hakuna njia isiyohitaji zana kama hii.

*Inapokosea.* Lugha. Mara ya kwanza nilifanya na mdogo wangu. Yeye ndani, mimi nimelala ubavu kando ya gurudumu la nyuma. Mafuta yalianza kutoka meusi, yakafuata ya kahawia, kisha yakaja manjano safi, nami kwa furaha nikajisemea, "Sawa." Kumbe sauti ilimfika. "Niachie, kaka?" Sikumsikia vizuri, nikaitikia "ee" nikidhani ananiuliza kama yametoka. Akaachia. Nikasikia mpira ukigugumia kama mtoto anayemalizia soda kwa mrija, nikayaona mafuta yakirudi ndani ya kalipa yakiwa yamebeba mapovu. Ilibidi tuanze gurudumu lile upya.

Tangu siku hiyo kuna maneno mawili tu, na kila moja linarudishwa. Mimi: "Kanyaga." Yeye, pedeli ikiwa imebanwa: "Nimekanyaga." Nafungua, nafunga. Mimi: "Achia." Yeye: "Nimeachia." Neno "sawa" ni marufuku hadi tunawe mikono.

Kosa la pili halina kelele. Gari likiwa la miaka mingi, raba za masta silinda zimezoea kutembea sehemu fupi tu. Sehemu ya mbele zaidi haijaguswa miaka yote na ina uchafu, pengine na kutu. Ukiikanyaga pedeli hadi sakafuni, unaziburuta raba hizo juu ya msasa. Watu wengi "wameharibikiwa na masta silinda" wiki moja baada ya kubadilisha mafuta, wakalaumu mafuta. Weka kipande cha mbao chini ya pedeli ili isishuke yote.

Na kitangi, tena. Watu wawili wakinogewa na kazi husahau kutazama juu. Kila mara sita au saba za kukanyaga, mmoja aende akaangalie.

*Inamfaa nani.* Mwenye mtu wa kuaminika na asiyetaka kununua kitu. Kwa kutoa hewa ni njia imara, kwani msukumo wa mguu unayapeleka mafuta kwa kasi inayoweza kuyabeba mapovu yaliyoganda kwenye kona. Kwa kubadilisha mafuta inaweza pia, ila inachosha.

2. Mtu mmoja na mpira wenye vali

*Inavyokwenda.* Mpira una vali ndogo inayoruhusu mafuta kutoka bila kurudi. Unaufunga kwenye skrubu, unafungua robo hadi nusu mzunguko, unaingia ndani na kukanyaga mwenyewe taratibu mara tano au sita, unatoka kuangalia. Toleo la kimaskini halina vali kabisa: ncha ya mpira inazamishwa ndani ya mafuta safi kwenye chupa, ili kinachorudi kikirudi kiwe mafuta badala ya hewa. Upandishe mpira juu kuliko skrubu kabla haujashuka kwenye chupa. Hewa hupenda kupanda, basi ipe njia ya kupandia.

*Watu na zana.* Mtu mmoja. Mpira wenye vali ni kitu kidogo, na wa bila vali unajitengenezea.

*Inapokosea.* Pedeli inaporudi, mfumo unavuta kidogo. Vali inafunga njia ya mpira, lakini skrubu iko wazi na hewa inaweza kupenya kwenye nyuzi zake. Usiifungue zaidi ya inavyohitajika, na rudisha pedeli polepole. Vali za bei ya chini nazo hukwama zikiwa wazi kwa uchafu mdogo tu. Ipime kwa mdomo kabla, ikiwa mpya na kavu: ipulize upande mmoja, kisha mwingine. Ikipitisha kote kote, itupe.

Jambo jingine ni kwamba ukiwa kwenye kiti huoni chupa. Utakanyaga mara sita ukiamini yote yanakwenda vizuri, kumbe mpira ulichomoka mara ya pili na sasa umelimwagia tairi. Ufunge kwa kibano au waya. Ukiweza, simamisha simu ikirekodi chupa, utazame ukitoka.

Hatari ya raba za masta silinda iko vile vile kama kwa watu wawili. Mguu ni mguu.

*Inamfaa nani.* Anayefanya kazi peke yake na anayebadilisha mafuta kwenye mfumo usio na hewa. Kwa hewa kidogo inaweza. Kwa kalipa tupu iliyotoka kwenye boksi, utatoka na kuingia garini hadi magoti yalie.

3. Kuyaacha yachuruzike

*Inavyokwenda.* Kitangi kiko juu, skrubu iko chini. Fungua kifuniko, fungua skrubu, subiri. Uzito wa mafuta wenyewe unafanya kazi.

*Watu na zana.* Mmoja, mwenye subira, spana na chupa.

*Inapokosea.* Polepole inakufanya uondoke, na ukiondoka kitangi kinakauka. Kwenye baadhi ya magari hayachuruziki kabisa, au yanadondoka tone tone. Mapovu yaliyoshika kwenye kona ya bomba hayasogei kwa mtiririko dhaifu hivyo. Kwa upande mwingine hakuna pedeli inayokanyagwa, hakuna raba inayoumia, na hakuna kinachovuta hewa kuingia.

*Inamfaa nani.* Mwenye gari la zamani lenye masta silinda asiyoiamini, anayebadilisha mafuta tu na ana nusu siku. Pia ni njia nzuri ya kuanzia baada ya kufunga kalipa mpya: iache ijijaze yenyewe hadi mafuta yaonekane kwenye skrubu, kisha malizia kwa njia nyingine. Mafundi wengi hufanya hivyo bila kuipa jina.

4. Pampu ya kuvuta

*Inavyokwenda.* Pampu ya mkono, au inayoendeshwa na kompresa, inavuta kwenye skrubu. Mafuta yanatoka kitangini, yanapita bombani, yanaingia kwenye chupa ya pampu.

*Watu na zana.* Mtu mmoja, pampu, na viunganishi vya raba vinavyokaza kwenye skrubu. Kwa ya mkono, tegemea viganja kuchoka ukifika gurudumu la tatu. Ya kompresa ni ya haraka sana, na kwa haraka hiyo kitangi hukauka ukiwa bado unashangaa ilivyo rahisi. Zipo zinazokuja na chupa ya kujazia inayoegemezwa juu ya kitangi. Kama yako inayo, itumie.

*Inapokosea.* Mapovu ya uongo. Ukivuta, hewa ya nje inapenya kwenye nyuzi za skrubu na kuingia kwenye mpira bila hata kufika kwenye kalipa. Unayaona mapovu yasiyoisha, unaendelea kuvuta, chupa ya mafuta inaisha, mapovu bado. Mtu asiyelijua hili huamini gari lake lina hewa ya milele. Wengine hupaka grisi kuzunguka shina la skrubu, wengine huzungushia utepe wa mafundi bomba kwenye nyuzi. Vyote husaidia, mradi visifike kwenye ncha inayoziba wala kwenye tundu. Kubwa ni kujua cha kutazama. Mapovu madogo, sawa sawa, yanayokuja mfululizo bila kupungua ni ya nyuzi. Povu kubwa linalokuja kwa kishindo, kisha likafuatiwa na mafuta matupu, hilo ndilo lililokuwa ndani.

Hukumu ya mwisho basi si mpira, ni pedeli. Funga skrubu, ingia ndani, ikanyage. Ikiwa ngumu, umemaliza, hata kama mpira ulikuwa na mapovu.

*Inamfaa nani.* Anayefanya peke yake mara kwa mara, na hasa anayebadilisha mafuta. Ni nzuri pia kwa kujaza kalipa tupu. Kwa kuwinda hewa ya mwisho inayoleta usponji kidogo, yaani pedeli kubonyea kama sponji, naiona dhaifu, kwani inakunyima ushahidi: hujui povu lipi ni la kweli.

5. Pampu ya kusukuma kutoka juu

*Inavyokwenda.* Kifuniko cha kitangi kinabadilishwa na kifuniko maalumu chenye mpira unaotoka kwenye tangi dogo la mafuta mapya. Tangi linajazwa upepo, kwa mkono kama pampu ya kupulizia dawa za mimea au kwa kuunganishwa na tairi la akiba. Mafuta yanasukumwa kutoka juu. Wewe unazunguka gurudumu moja baada ya jingine, unafungua, unatazama, unafunga.

*Watu na zana.* Mtu mmoja. Zana yenyewe ni kubwa kuliko zote hapa na kifuniko lazima kilingane na kitangi chako. Kwa magari yenye kifuniko cha kuzungusha cha aina iliyoenea hakuna shida. Kwa vitangi vya umbo la ajabu au vifuniko vya kubana, kuna kifuniko cha jumla kinachofungwa kwa minyororo, na hicho kina hasira zake.

*Inapokosea.* Juu. Njia nyingine zikikosea, zinachafua sakafu. Hii ikikosea, inamwaga mafuta yenye msukumo juu ya injini na bodi. Kwa hiyo jaribu kavu kwanza: funga kila kitu bila mafuta, jaza upepo, subiri dakika chache utazame geji. Ikishuka, kifuniko kinavuja, na ni heri umelijua kwa hewa. Msukumo wa kama bar 1 hutosha, usipandishe kwa pupa. Anayetumia tairi la akiba aanze kwa kulipunguza upepo, kwa sababu tairi la kawaida lina zaidi ya bar 2, na kitangi cha plastiki hakikutengenezwa kuhimili hiyo. Ukimaliza, toa upepo kabla ya kufungua kifuniko. Sentensi hiyo naiandika kwa uchungu. Shati nililovaa siku hiyo sasa ni la kazi za gereji.

Kosa la pili ni tangi kuisha mafuta huku upepo ukiendelea kusukuma. Hapo unaingiza hewa kwa juhudi na maarifa. Pima mafuta unayoyatoa kwenye chupa, ulinganishe na uliyoyaweka.

*Inamfaa nani.* Mwenye magari zaidi ya moja, au anayekusudia kuifanya kazi hii kila baada ya miaka 2. Inafaa kwa kazi zote mbili. Msukumo ni wa kudumu, nyuzi za skrubu haziingizi hewa kwa sababu ndani kuna shinikizo kubwa kuliko nje, na raba za masta silinda hazibururwi. Kwa mtu wa gari moja anayelibadilisha mafuta mara moja kabla ya kuliuza, ni zana ya kukaa stoo.

Mahali njia zote tano hugota

Hewa ikiingia ndani ya kifaa cha ABS, inaweza kujificha nyuma ya vali ambazo hazifunguki hadi kompyuta iziamuru. Hapo unahitaji mashine ya kusomea gari yenye uwezo wa kuamsha pampu na vali za ABS huku skrubu zikifunguliwa. Kubadilisha mafuta tu kwenye gari lenye ABS, bila kitangi kukauka, kwa kawaida hakuhitaji hayo.

Magari ya hybrid na ya umeme yenye breki zinazoendeshwa kielektroniki yana utaratibu wake. Baadhi yake hujijaribu breki yenyewe mlango unapofunguliwa tu, mkono wako ukiwa kwenye kalipa. Kwa hayo, kama kitabu cha ufundi cha gari lako huna, usifungue skrubu.

Gari la gia za mkono nalo lina mtego: mengi hutumia kitangi kimoja kwa breki na klachi. Ukikiacha kishuke sana, klachi inavuta hewa kwanza, nawe unabaki kujiuliza breki zimehusikaje na gia kugoma.

Chagua kwa hali yako

Pedeli ni ngumu, mafuta ni meusi, una mtu nyumbani: watu wawili, mbao chini ya pedeli, maneno mawili.

Pedeli ni ngumu, mafuta ni meusi, uko peke yako: mpira wenye vali kama gari si la zamani sana. Kama limekula miaka mingi, yaache yachuruzike, au vuta kwa pampu ukiwa nayo.

Umefunga kalipa mpya, au wili silinda mpya (silinda ndogo ya gurudumu lenye breki za ngoma): anza kwa kuyaacha yajichuruzikie hadi yatokee, kisha malizia kwa watu wawili au pampu ya kusukuma. Kabla ya hapo thibitisha skrubu iko juu.

Una magari mawili au matatu nyumbani na hupendi kumwita mtu kila mara: pampu ya kusukuma, mradi kifuniko kinaingia kwenye vitangi vyako vyote. Kama hakiingii, ya kuvuta.

Skrubu hazifunguki hata baada ya dawa ya kutu: usilazimishe siku ya Jumapili jioni ukiwa unalihitaji gari Jumatatu. Skrubu iliyokatikia ndani inatolewa kwa dreli, au kalipa inabadilishwa.

Umemaliza, pedeli bado sponji: kitangi kilikauka? Basi fikiria ABS. Hakikukauka? Rudia gurudumu la mbali, huku ukiigonga kalipa taratibu kwa mpini wa nyundo, povu hubanduka. Pedeli ikiwa ngumu lakini inashuka sana kabla ya kushika, na nyuma kuna breki za ngoma, huenda si hewa, ni viatu vya breki vilivyolegea vinavyohitaji kukazwa karibu na ngoma.

Umemaliza na pedeli ni ngumu: washa injini, kanyaga kwa nguvu, shikilia dakika nzima huku mwenzako, au tochi yako baadaye, ikipita kwenye kila skrubu. Pedeli itashuka kidogo injini inapowaka, hiyo ni busta, kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga. Lakini ikiendelea kuzama polepole chini ya mguu na hakuna panapovuja nje, mafuta yanapita kando ya raba za masta silinda. Hapo hakuna njia kati ya hizi tano itakayosaidia. Gari lisitoke hapo, fundi alifuate lilipo.